Televisheni ya Elisifa Iliyochujuka

Elisifa Eliufoo Mmari ni wa Machame, mtoto wa Eliufoo aliyechimba mfongo, mfereji wa maji wa ukoo, kwa sururu moja misimu miwili, mpaka maji yakafika kwenye migomba. Ni mjukuu wa Tabitha aliyepandisha mabati ya kanisa kichwani kutoka Moshi mjini, kwa miguu, akiwa na mimba ya miezi saba. Yeye mwenyewe alisoma mpaka darasa la saba, akafiwa na mume mapema, akawasomesha Godwin na Brenda kwa kahawa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Na kwa miaka arobaini na moja ndoo yake ya kahawa haikurudishwa hata mara moja. Kikundi chao cha wakulima hupokea matunda mekundu tu, kwa sababu mabichi yakiingia kwenye mashine ya kumenya yanaharibu ladha ya kazi ya watu wote. Kahawa ya Elisifa haikuwa ikikaguliwa. Iliwekwa kwenye mizani, basi.

Televisheni aliletewa na Brenda wakati wa Krismasi. Wanawake wa rika lake wanaiogopa rimoti, yeye alikaa nayo wiki nzima akibonyeza na kurudisha, mpaka akajua kila kilichomo. Kufika Februari aliona picha imepauka. Akapandisha rangi kutoka hamsini hadi sitini. Pasaka, kwaya ilionekana kama inaimba nyuma ya moshi wa kuni, akafika themanini. Mwezi wa saba rangi ilikuwa mia na mwangaza mia, na hapakuwa na pa kupanda tena.

"Vitu vya siku hizi," alimwambia mkwewe Mektrida, "vinachujuka kama kanga ya mnadani."

Mektrida aliwatazama wasomaji wa habari, nyuso zimeiva kama waliopikwa. Ni mtoto wa Tarakea, kule Rombo mpakani na Kenya, Mkatoliki aliyeolewa na Godwin katika nyumba ya Walutheri, na si mtu wa kumsahihisha mama mkwe. Godwin anaongoza watalii, wiki nzima yuko mlimani. Nyumbani walikuwa wao wawili. Walichuma kahawa pamoja, wakaimwaga kwenye turubai moja, na wa kuchambua mwisho alikuwa Elisifa siku zote.

Mwezi wa nane Wenseslaus, mpokeaji wa kikundi, alitumbukiza mkono kwenye ndoo yao bila sababu yoyote, akautoa umejaa kijani.

"Bibi Elisifa, samahani. Hii siwezi kuipokea."

Watu waligeuka. Elisifa akamnyoshea mkwewe kidole.

"Si mkono wangu huo! Ni huyu Mrombo! Anataka ndoo ijae upesi akapige soga. Kwao wamezoea kumuuzia Mkenya chochote kilichomo guniani."

Wengine walicheka. Mektrida aliiinua ile ndoo, akaibeba mpaka nyumbani. Kesho yake akafunga begi.

"Mama, naenda kwetu. Nitarudi nikiitwa."

Elisifa hakumwita. Wiki ya tatu Godwin alishuka mlimani, akamkuta mama yake jikoni peke yake. Hakugomba. Alisema tu, "Mama, mwezi huu ukiisha mke wangu hayuko hapa, na mimi nahamia Tarakea. Kihamba hiki, migomba na kahawa yote, utakitunza na nani, hilo sijui."

Jumamosi hiyo Brenda alikuja kutoka Bomang'ombe, anakofanya kazi. Akawasha televisheni, akarudi nyuma hatua mbili.

"Ee Mungu wangu! Nani kaichezea hii?"

"Haijachezewa. Imechujuka."

"Mama, rangi mia? Huyu mtangazaji utadhani ametoka kwenye sufuria." Akaishika rimoti, akarudisha kila kitu hamsini. "Haya, sasa ni binadamu."

Elisifa aliona ukungu tu, na ndani ya ukungu kitu kinachosogea.

"Umeizima?"

Brenda hakutania tena. Alikaa chini. "Mama, huyo dada amevaa gauni la rangi gani?"

"Kahawia."

"Ni jekundu. Na majani ya hilo ua la mezani?"

Elisifa alikaza macho mpaka machozi yakamtoka. "Kahawia," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Yanafanana na gauni."

Brenda alianza habari za hospitali ya Mawenzi, za mtoto wa jicho, za daktari anayemfahamu. Mama yake hakuwa anasikia. Alikuwa anahesabu nyuma: Februari sitini, Pasaka themanini, mwezi wa saba mia. Mwezi wa nane, ndoo. Mikono iliyopitisha yale mabichi ilikuwa yake, tunda kwa tunda, huku akijisifu.

"Daktari atasubiri," alisema. "Nipe kisu."

"Mpigie simu tu, Mama. Mektrida ana roho nzuri."

"Jani la isale halitumwi kwa simu."

Alilikata mwenyewe mpakani mwa kihamba, akiyapapasa majani kwa vidole, akalifunga fundo kama alivyofundishwa na bibi yake. Mchagga akiletewa jani hilo hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Brenda akamshika mkono kwenye kila basi mpaka Tarakea.

Primus, baba yake Mektrida, aliwawekea viti. Elisifa hakukaa. Alimnyoshea mkwewe jani kwa mikono miwili.

"Nilikusingizia, mwanangu. Macho yangu yamekwisha, na nilikuwa sijui."

Mektrida alilipokea.

"Nimepokea, Mama. Sina kinyongo. Lakini mimi sikusemwa hapa. Nilisemwa kwenye mizani, mbele za watu, na wale bado wananiita tapeli."

Primus alitaka kumkemea binti yake, Elisifa akamzuia kwa mkono. Miaka arobaini na moja ya sifa ni mingi kuiweka chini.

"Una haki," alisema. "Twende."

Jumatatu asubuhi, foleni ikiwa ndefu, alimwomba Wenseslaus asimamishe kupima.

"Mnanijua," alisema. "Siku ile nilimtaja huyu. Nilisema uongo. Mabichi niliyapitisha mimi, kwa sababu nyekundu na kijani machoni pangu sasa ni kitu kimoja."

"Pole, Bibi," akasema mzee mmoja nyuma. "Basi hata miaka yote ile tulikuwa tunakunywa mabichi yako?"

"Ya mwaka huu, Thadeus. Ya nyuma yalikuwa mazuri kuliko yako, na unajua."

Kicheko kidogo kikapita, kikaisha. Elisifa alivua aproni yake ya kuchambulia, akamfunga Mektrida kiunoni mwenyewe, vidole vikitafuta kamba.

"Kuanzia leo kahawa ya nyumba yetu unachambua wewe. Yangu pia. Nikikuletea ndoo, imwage yote mbele yangu, utoe mabichi, wala usiniangalie usoni unapoyatoa."