Jicho la Linet

Celestine na mimi tumeolewa na ndugu wawili, boma moja huko Asumbi, kwa hiyo simsikii kwa watu, namjua. Haamini mtu. Akinunua mahindi, hutia mkono mpaka chini ya gunia. Padri akimwombea, hufungua jicho moja. Chakula kilipoanza kumkwama kooni, akikohoa mpaka machozi, hakutafuta ugonjwa. Alitafuta mtu.

Akampata Linet, mke wa mwanawe Jacktone. Kwetu kuna kitu tunakiita sihoho: mwenye jicho hilo akikuona unakula, tonge linakataa kushuka. Linet ana macho makubwa, basi kesi ikaisha. Akaamriwa kuleta sahani, kisha ageukie ukuta mpaka mama mkwe amalize. Celestine akazidi kukonda. Wazee wa boma wakakubaliana kwamba hali ikiendelea hivyo, Linet arudishwe kwao. Jacktone, mwanamume mzima, akanyamaza tu. Nilitamani kumzaba kofi.

Ndipo watafiti fulani walipoleta Homa Bay mashine yao ya sumaku, wakitafuta watu wenye shida ya kumeza. Hata mimi nilishuku. Nani atoke mbali kuja kuangalia koo la mwanamke wa Asumbi bure? Lakini mtafiti wao, Idil, alitueleza kwamba mashine za zamani zilitaka mtu atulie kabisa, na anayemeza hawezi kutulia. Hii mpya hulifuata koo likiwa kazini, picha zikitembea papo hapo kama sinema.

"Nitaingia," Celestine akasema, "lakini huyu Linet akae huko kwa geti. Asione hata mlango."

Alitaka ushahidi. Jicho likiwa mbali atameza vizuri, na wazee watakata shauri.

Wakamvua hereni na rozari, akanung'unika kwamba sasa hata Bikira Maria amefukuzwa. Wakamsukuma ndani ya mashine, ikawa inagonga kama mafundi wa mabati, wakampa juisi ya nanasi kwa mrija. Mimi na Idil tulikuwa chumba cha pili, mbele ya skrini. Niliuona ulimi wake ukisukuma. Juisi ilipofika kooni, kifuniko cha njia ya hewa kikachelewa kushuka, juisi kidogo ikapotea njia ikaelekea kwenye pumzi, akakohoa. Nikachungulia dirishani. Linet alikuwa getini, ametupa mgongo.

Celestine akaonyeshwa picha hizo. Akazitaka tena, na tena.

"Na hakuna mtu aliniangalia?"

"Ni mimi na huyu mama tu," Idil akasema.

Celestine akanikazia macho. Nikamwambia, "Usijaribu!"

"Misuli ya koo imelegea, mama," Idil akaendelea. "Iko na mazoezi ya kuikaza. Ukimeza, inamisha kidevu. Na mtu akae mbele yako akuangalie, asikuache ukule peke yako."

Tukaingia hoteli moja karibu na soko la samaki. Linet akamsogezea Celestine sahani, kisha akageuza kiti.

"Geuka," Celestine akasema. "Niangalie nikikula."

Linet akageuka, lakini macho yakabaki mezani.

"Inua uso, nyathina, mwanangu."

"Naogopa, mama. Ukikohoa watasema ni mimi."

Celestine akatia tonge mdomoni. Akainamisha kidevu, akameza, na hoteli nzima ikamsikia akikohoa. Kabla pumzi haijarudi vizuri, akamshika Linet mkono.

"Si wewe," akasema.