Nta Kwenye Waya wa Taa

Nakumbuka jioni moja ya mwishoni mwa kiangazi, katika miaka ya tisini, miombo ilipoanza kuchanua na pori lote la huku kwetu Inyonga likanukia asali. Nilikuwa mke kijana. Mtoto wangu wa kwanza nilikuwa nimembeba mgongoni, ana wiki chache tu duniani, na mume wangu Maganga, Mungu amrehemu, alikuwa ananipeleka kwa wazazi wangu wakamwone mjukuu wao. Tulipanda baiskeli yake ya injini. Nyie siku hizi mna pikipiki mpaka mlangoni mwa kanisa. Maganga yeye alifunga kijinjini kwenye baiskeli ya kawaida, na kwa jinsi kilivyovuma tukaiita Nyuki.

Wiki ile alikuwa ameifungia taa mbele, inayotumia betri ya pikipiki aliyoiweka chini ya tandiko. Nyaya alizotoa kwenye redio mbovu hazikufika, akaziunga katikati, karibu kabisa na injini. Tepu ya umeme hakuwa nayo. Lakini alikuwa mrina asali, mwana wa mrina asali, na kwetu nta ilikuwa dawa ya kila kitu. Kibuyu kikipasuka, nta. Ndoo ikivuja, nta. Hata viatu vyangu vya harusi viliwahi kuzibwa kwa nta! Basi akazifunika nyaya zote mbili kwa nta, akazibana pamoja donge moja, akaridhika. Fyuzi hakuweka. Alisema betri ndogo vile itamdhuru nani.

Taa ilipowaka nilifurahi, sikufichi. Jua lilikuwa limeshazama, vumbi limetulia, na mwanga ule ulikwenda mbele yetu ukigusa gome la mti huu, halafu la mti ule. Nikanusa nta yenye joto, tamu, nikadhani ni maua ya miombo. Usingizi ukaninyemelea. Niliona kama tunaelea, miti inapita taratibu, mtoto anapumua shingoni mwangu, nami nimerudi kuwa msichana, namngoja baba atoke porini na masega. Raha ile naikumbuka mpaka leo. Mwanangu, hatari haiji na kelele siku zote.

Mtoto akakohoa. Nilipofumbua macho, taa ilikuwa imezimika, na harufu ya nta imegeuka kuwa ya plastiki inayoungua.

"Balbu imekufa," Maganga akasema bila kugeuka. "Tulia tu, mama. Tumeshakaribia, nitaenda polepole."

Nikachungulia ubavuni mwake. Moshi ulikuwa unapanda kutoka kwenye nyaya, kandokando ya tangi la petroli, na tangi lile lilikuwa na tabia ya kuvuja.

"Maganga, simama! Usiposimama naruka na mtoto!"

Akasimama. Nilikimbilia pembeni na mtoto. Nta ilikuwa imeyeyuka, nyaya zimebaki tupu, zimegusana na kuwa nyekundu. Maganga alizishika kwa mkono mtupu, zikamuunguza vidole. Nikamrushia khanga yangu, akaikunja, akazing'oa kwenye betri. Moshi ukakata. Mtoto alilia kwa nguvu zake zote, na kilio chake sikuwahi kukipenda kama siku ile. Njia iliyobaki tuliikokota Nyuki kwa miguu.

Asubuhi baba yangu akaikagua baiskeli, akikuna kidevu. Sasa, kwa desturi yetu baba hamkaripii mkwewe. Kwa hiyo alinikaripia mimi, Maganga akiwa amekaa palepale ameinamisha kichwa.

"Kalunde, huko mnakokaa, nta ikiona moto inatulia?"

"Hapana, baba. Inayeyuka."

"Haya. Muulize mwenzio, sasa aliiweka ilinde nini? Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakusema tuzibe kwa chochote. Tabia ya nta anaijua tangu utoto. Ila alitaka taa iwake jioni ileile."

"Mwambie baba nimesikia," Maganga akaninong'oneza, ingawa baba alikuwa anamsikia vizuri sana. Nilitamani kucheka, nikaishia kulia.

Maganga alikwenda Mpanda mjini kutafuta tepu na fyuzi, akaifunga taa upya, na aliyoyafanya ndiyo ninayokuachia. Mwanangu, kabla hujagusa waya wowote wa pikipiki yako, tenganisha betri kwanza. Fyuzi ikae karibu na betri, kwenye waya wa chanya, iwe ya kiasi cha taa yako. Ikikatika, tafuta kilichoikata, usiizibe kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara kama wanavyofanya wajanja. Nyaya uzipitishe mbali na injini na ekzosi, kila ungio na tepu yake, na betri uikaze isicheze. Kama kifaa hakipo, lala, safari ipo kesho. Tahadhari kabla ya hatari.

Wewe unayeendesha unaiona barabara. Uliyembeba nyuma haoni waya wala tangi. Anauona mgongo wako tu, na ameuamini. Mungu akuangazie njia, mwanangu, na kila utakayembeba ashuke kwa miguu yake mwenyewe.