Fundo la Gunia

Mimi kazi yangu ni kufunga mizigo. Nimepakia mahindi kwenye malori pale Songea tangu ujana, na fundo langu halijawahi kuachia njiani, iwe barabara ya Tunduru au kona za kuteremkia Mbamba Bay. Sifa hizo zilinivimbisha kichwa, nakiri.

Mwezi wa saba tukapigiwa simu: mama mkwe yuko hoi, Liuli. Tukashuka hadi Mbamba Bay, gari la kuendelea hakuna. Shemeji yangu alikuwa akimtunzia mgeni mmoja boti ndogo ya tanga, yenye kijichumba cha kulala watu wawili. Akatuazima. Mke wangu amezaliwa ziwani, mimi hata kuogelea sijui, lakini usukani nikashika mimi. Mwanaume akae abebwe?

"Kamba ya tanga haifungwi, Baba," mke wangu aliniambia tukiondoka. "Inashikwa mkononi. Upepo ukizidi, unaiachia."

Nikamjibu nimefunga malori mazima, sembuse kitambaa. Mkono ulipochoka, nikaikaza kamba ile kwenye kigingi chini ya mlingoti, kwa fundo la gunia, lile ambalo mzigo ukilivuta ndiyo linazidi kubana.

Tulikuwa tunaizunguka rasi mwera ulipotupiga ubavuni. Upepo huo hauna hodi. Boti ililala, maji yakaingia, kikapu chenye kisu kikaenda nayo. Usukani nikausukuma kwa mwili wote, haukusikia. Tanga lilikuwa limejaa na halikuwa na pa kupumulia, kwa sababu yangu. Niliwaona wanangu wanne tuliowaacha kwa jirani, wakiletewa habari. Nililia. Nilimwomba Mungu kwa Kiswahili, nikamwomba kwa Kingoni.

"Ukiachia usukani tumekwisha," mke wangu akasema. Akatambaa mpaka kwenye kigingi. Kucha hazikufua dafu, kamba ilikuwa imelowa, ngumu kama mti. Akainama akalishika fundo kwa meno. Wimbi likampigiza uso kwenye kigingi, akarudi. Likampigiza tena, akarudi tena. Mimi nimekaa pale namtazama, nalijua fundo langu, najua halifunguki. Sijawahi kuichukia kazi ya mikono yangu namna ile.

Sijui fundo lilichukua muda gani. Lililegea, kamba ikachomoka, tanga likabaki linapigapiga hewani na boti ikainuka. Mke wangu alitema damu, na meno mawili ya mbele.

Tulifika Liuli jioni tukiwa tumelowa chapachapa. Mama mkwe alikuwa amelala mkekani, lakini macho yake mazima. Akamtazama binti yake mdomo ulivyovimba, kisha akanitazama mimi.

"Amekupiga?"

"Hapana, mama. Ni ziwa."

Pale ndipo ningesema. Ziwa halikufunga fundo. Lakini ningeanzaje, mbele ya mashemeji wote? Nikapiga magoti nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Nilimwamkia asubuhi yake, na asubuhi iliyofuata, akawa anageukia ukutani. Siku ya nne tulimzika.

Mke wangu hajawahi kunilaumu. Akicheka hufunika mdomo kwa kanga, nami huinuka nikatoka nje.