Kanzu ya Amooti

Kila Ijumaa asubuhi jirani yangu hapa Butembo hupiga pasi kanzu ya mumewe. Anatumia pasi ya makaa, na nguo huwa ameitia wanga wa muhogo, basi harufu ile ya wanga unaokaribia kuungua huruka ukuta na kunikuta jikoni. Huwa naacha ninachofanya. Jirani hajui kwamba mimi, bibi kizee wa rozari, nina deni la shukrani kwa kanzu.

Tulivuka mpaka kutoka Toro, Uganda, nikiwa na miaka saba hivi. Kongo ilikuwa bado changa katika uhuru wake. Kwetu vurugu za milimani zilikuwa zimechoma karakana ya baba, fundi seremala, naye akaona heri aanze upya ugenini. Siku tuliyoingia Beni alivaa kanzu nyeupe na koti juu yake. Kwa Watoro, kanzu ni nguo ya mwanamume yeyote mwenye heshima zake, awe wa msikitini au wa misa, na mgeni haingii mji wa watu ovyo ovyo. Tena hakutaja jina lake la ubatizo. Alisema anaitwa Amooti, jina la heshima, kwa sababu kwetu kumwita mtu mzima kwa jina lake tupu ni kukosa adabu. Adabu hizo mbili ndizo zilizotuponza.

Pale Beni mwenye kanzu alikuwa Mwislamu, wala hakuna aliyehitaji kuuliza zaidi. Mzee Ramazani, mwenye malori yaliyobeba maharage na mchele kati ya Kanyabayonga na Eringeti, alimtolea baba salamu ya Kiislamu, na baba, aliyezoea kuwauzia Waislamu viti, akaitikia inavyopasa. Kabla ya jioni tulikuwa na chumba nyuma ya ua wa mzee, na baba ana kazi ya kuunda karoseri, yaani bodi la mbao la lori. Mke wa mzee, Mama Zaina, alituletea sinia la wali. "Mugeni njo, mwenyeji apone," alisema, na sisi tukala mpaka tukaona haya.

Baba aligundua kosa Ijumaa ya kwanza, alipoitwa kwenda msikitini. Alisema safari imemchosha. Ijumaa ya pili tumbo lilimkata. Ya tatu, gundi ilikuwa haijakauka. Mama alimnong'oneza kwamba njia ya mwongo ni fupi. Baba akamwonyesha mdogo wangu aliyekuwa akinyonya, akamuuliza, tukifukuzwa hapa, huyu tutamlaza wapi? Mama akaificha rozari yake ndani ya unga.

Kisha Mzee Ramazani akapata mjukuu, na mbuzi wa akika akafungwa uani. Mchinjaji wao alikuwa amekwama na lori kwenye matope ya Butembo. Mzee, akitaka kumheshimu mgeni, akamkabidhi baba kisu mbele ya watu wote. Baba alikitazama, akamtazama mbuzi, kisha akakiweka chini polepole.

"Muzee, miye niko mukristo," alisema. "Nikichinja hii mbuzi, mutakula haramu."

Hakuna aliyecheka. Mbuzi aliendelea kutafuna majani ya viazi.

"Mais unavala kanzu!" alisema mzee, akianza na "lakini" ya Kifaransa.

"Kwetu banaume bote banavala, Muzee."

Mzee Ramazani alikuwa mtu ambaye hakugusa nyama bila kujua mkono uliochinja. Alikiokota kisu, akakifuta. "Karoseri utamaliza," alisema mwishowe. "Mais hapana vala tena ile kanzu mu lupango yangu," yaani ndani ya ua wake.

Kwa hiyo hatukufukuzwa, lakini baridi iliingia. Baba alianza kuvaa suruali, na penseli ya useremala sikioni. Hakuitwa tena kula kwenye sinia na wanaume. Chakula chake kililetwa peke yake, kimefunikwa. Niliona aibu, na nilimchukia mzee kwa moyo wangu wote mdogo.

Ndipo waasi waliopigana na serikali walipofika mjini. Walikuwa wakiwatafuta makarani na wageni wasiojulikana, na tulisikia kwamba waliochukuliwa hawarudi. Mchana mmoja Mzee Ramazani aliingia chumbani kwetu bila kubisha hodi. Akachomoa penseli kwenye sikio la baba, ile ingemfanya aonekane karani, na kuitia mfukoni mwake.

"Kanzu iko wapi? Vala."

"Muzee, ulinikataza."

"Ile ilikuwa uongo yako. Hii ni yangu."

Mama aliitoa sandukuni, imejaa mikunjo. Waasi walipoingia uani, baba alikuwa ameketi mkekani kati ya wanaume wa nyumba ile. Kijana mwenye bunduki akauliza huyu ni nani. "Ni ndugu yangu," alisema mzee, "mama yetu ni moja." Kijana akamwambia aape. Mzee Ramazani akaapa kwa Mungu, nao wakaenda zao.

Waasi walipoondoka mjini, mzee alipita karakanani. "Amooti," alisema, "sasa utoe ile kanzu mu mwili." Akamrudishia penseli yake. Jioni ile baba aliitwa kwenye sinia, akiwa na suruali yake.

Kwa miaka mingi nilimwona Mzee Ramazani kama mzee wa visirani aliyependa kuvisha na kuvua watu. Nimezeeka ndipo nikaelewa kwamba siku ile Mama Zaina, watoto wake na yule mjukuu mchanga wote walikuwa uani, na kama kijana yule angemwambia baba asali Kiislamu, uongo ungefichuka na wote wangechukuliwa pamoja naye. Mtu aliyekataa kula nyama ya mkono usiofaa alimeza kiapo cha uongo kwa ajili ya seremala wa Toro, na hakukitaja tena mpaka anazikwa.

Baba alimtengenezea jeneza la kumbebea. Siku ile aliivaa kanzu, na hakuna aliyemkataza.