Bibi na Kamera Isiyolia

Leo ukoo mzima umesimama juani kwa sababu kamera niliyokuja nayo hailii ninapopiga.

Niliiazima kwa mpiga picha mwenzangu wa Tunduma. Nilitaka kuijaribu kwenye harusi moja, kisha niuze yangu ya zamani na lenzi zake zote, nihamie kwenye hizi za kimya moja kwa moja.

Kanisani Vwawa mambo yalikwenda vizuri. Mchungaji aliniita pembeni.
"Mwanangu, leo nimehubiri bila kusikia makelele yako. Endelea hivyo."
Nikaona nimeshaamua.

Tukatoka nje kwa picha za familia.
Bibi yake bwana harusi akasimama mbele, wima, hapepesi jicho.
Nikapiga nane.
"Asante bibi, tayari."
Hakusogea.
"Hujapiga."
Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Akatazama kwa makini.
"Huyu ni mimi, sawa. Lakini haijalia."

(Najua mtasema niwashe sauti. Niliwasha. Ikatoa mlio mdogo, bibi akamwambia bwana harusi apokee simu.)

Basi nikatoa ile ya zamani kwenye begi. Ikalia kama mlango wa lori.
Bibi akashusha mabega, akacheka. Nikawahi kupiga nyingine. Hakuna picha nzuri kuliko hiyo kwenye harusi yote.

Mnunuzi wa hiyo ya zamani, mtu wa Nakonde upande wa Zambia, alikuwa avuke mpaka siku ya Jumatatu kuja kuichukua. Nimempigia asivuke.

Wenye kamera za kimya, bibi zenu huwa mnawaambiaje?