Vibao Kumi na Vinne vya Lambert Boersma

Kwa miaka thelathini na mmoja, jirani yangu Lambert Boersma wa mjini Zeeland, Michigan, aliajiriwa katika kiwanda cha zana kwa kazi moja tu: kuzitazama keekee za kutobolea mbao zilizokwisha tengenezwa na kuzikataa. Aliifanya kazi hiyo vyema mno. Siku ya kustaafu walimzawadia saa ya mezani; akaigeuza, akaichunguza mgongoni, kisha akawaonyesha mbele ya hadhara skrubu moja ambayo haikukazwa. Tangu hapo hakubakiwa na kitu cha kukataa isipokuwa kazi ya mikono yake mwenyewe.

Mikono hiyo ilitengeneza spika. Alikuwa na karakana katika chumba cha chini ya nyumba, kati ya tangi la maji ya moto na mashine ya kufulia, na kwa miaka ishirini alisikiliza kinanda na kwaya huku suruali zake zikizunguka majini kando yake. Jozi ninayoisimulia ndiyo aliyoipenda kuliko zote: makasha mawili yaliyomfika kifuani, yamevikwa vinia ya mjozi, ile ngozi nyembamba ya mti ambayo hubandikwa juu ya ubao duni ili ubao duni upate heshima. Ubandikaji ulikwisha mwezi wa Februari. Ilipofika Septemba makasha yalikuwa yangali uchi, kwa kuwa Lambert hakuwa amechagua kipako cha kuyamalizia.

Mkewe, Geneva, alimwekea sharti mbele yangu, tukiwa mezani kwao.

"Nakupa pembe zote mbili za dirisha la sebule," alisema. "Jumapili ya kwanza ya Oktoba binamu zangu wanakuja kutoka Iowa. Wakikuta makasha yamekamilika, yatakaa pale. Wakikuta bado, naweka makangaga yangu ya vyunguni, na hayo yako yatabaki huko chini mpaka siku ya kiyama."

"Lakini, Geneva, ni wiki nne tu!"

"Sanduku la barua ulilichagua kwa siku kumi na moja, mzee. Hapa nimekuongezea."

Sebule! Hakuna alichokitamani zaidi. Kusikiliza akiwa amekaa kwenye kiti chenye mito, mwanga wa jua ukiingia, bila suruali kuzunguka! Basi akafanya kama alivyofundishwa na kiwanda. Alichukua vibao kumi na vinne vilivyovikwa vinia ile ile, akakipa kila kimoja kipako chake: mafuta ya kitani, mafuta yaliyochanganywa na nta, vanishi yenye kung'aa, vanishi isiyong'aa, shelaki, ambayo ni utomvu wa wadudu ulioyeyushwa kwa spiriti, na michanganyiko mingine aliyoibuni mwenyewe na ambayo mmoja wao haujakauka hadi leo. Kibao cha kumi na tatu na cha kumi na nne aliviacha vitupu, kwa ajili ya mawazo yatakayokuja. Nyuma ya kila kibao aliandika namba, na mtu yeyote aliyevuka kizingiti chake alilazimika kupiga kura.

Alipiga kura mwanamke wa posta. Alipiga kura fundi bomba, aliyeitwa kuzibua sinki na akaondoka saa mbili baadaye, sinki likiwa bado limeziba. Mchungaji wetu alichagua namba tisa huku akila keki ya lozi. Lambert akaifuta kura hiyo, kwa maelezo kwamba vidole vya mchungaji vilikuwa na siagi, na siagi ni kipako cha kumi na tano. Mimi nilipiga kura mara mbili, zote zikabatilishwa kwa sababu wingu lilipita na kuubadilisha mwanga.

Mwenzake mmoja katika chama chao cha waunda spika alishikilia kwamba shelaki huipa sauti ya fidla joto. Wakawa wanagonga vibao kwa vifundo vya vidole, masikio yamebanwa kwenye mbao kama wezi mlangoni. Geneva akapita na kapu la nguo.

"Na ukivaa soksi za sufu, Lambert, fidla inasemaje?"

Hata hivyo, kura hazikuwa kiini cha taabu. Kiini nilikijua mimi peke yangu, na nakiri kwamba kulijua jambo hilo kulinipa burudani kubwa.

Lambert alikuwa ameandika katika jarida la chama chao kurasa tatu kamili, akihukumu kwamba vinia hubandikwa kwa gundi nyeupe ya mbao na vibano, kwa subira. Na kwamba mtu anayetumia gundi ya mpira, ile ipakwayo pande zote mbili na kunata palepale zinapogusana, si mjenzi bali ni mshona viatu. Miezi miwili baadaye alibandika vibao tisa kwa njia hiyo tukufu, kisha akalijaribu kasha la kwanza. Vinia ikajikunja kama jani la tumbaku. Akaibandua, akajaribu tena, ikajikunja tena. Jioni ya siku hiyo alinipigia simu kwa sauti ya chini, akaniomba nije nimshikie ncha moja ya vinia. Nilipoteremka ngazi, harufu ya duka la viatu ilinilaki katikati ya njia.

"Jirani," alisema, "hukuona kitu."

"Sijaona kitu, Lambert. Ni pua yangu tu iliyoona."

Makasha yote mawili yalivikwa kwa gundi ya mpira, pamoja na vibao vitano vya mwisho.

Siri hiyo ingeweza kukaa salama kama si kaka yake Geneva, Nelson Dykhouse, aliyefanya kazi miaka thelathini na minane katika idara ya vipako ya kiwanda cha samani, akipuliza laka kwenye meza za watu wenye uwezo. Alikuja siku kumi kabla ya Jumapili ile. Aliitazama safu ya vibao, akasoma daftari la kura, akacheka hadi akalazimika kuegemea mashine ya kufulia.

"Shemeji, hii ni karakana au umefungua bunge? Kipako ni laka. Jumamosi asubuhi naleta pampu yangu, napuliza mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka, jioni unapandisha mali yako juu. Zawadi yangu kwenu."

"Nelson, Mungu akubariki!" alisema Geneva. "Kama kabati la mama!"

Lambert aligeuka rangi ya gundi nyeupe. Alijua, kama ajuavyo kila mtu wa kazi hiyo, kwamba thina, kiyeyushi kilichomo ndani ya laka, huilainisha gundi ya mpira kama jua linavyolainisha lami. Kuikubali laka ni kuyaua makasha. Kuikataa ni kueleza sababu.

"Laka haipendi unyevu," alisema. "Hugeuka nyeupe."

"Nitaleta kipimo cha unyevu."

"Na moto wa tangi la maji? Mvuke wa thina utalipua nyumba."

"Tutapulizia gereji, milango wazi. Una lingine?"

"Harufu. Jirani ana kifua."

"Mimi sina kifua," nilisema. Lambert alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau.

Jumamosi nilifika mapema, na kiti changu cha kukunja. Anga lilikuwa kavu kabisa. Nelson alifunga pampu, akachuja laka, akavaa barakoa shingoni, akayazunguka makasha mawili yaliyosimama katikati ya gereji.

"Kabla sijaanza," alisema, "nipe kibao kitupu, nipime mkono."

Vilikuwa viwili kwenye rafu: cha kumi na tatu na cha kumi na nne, na kwa bahati ya ajabu Lambert alikuwa amevipa namba bila kufuata mpangilio wa gundi. Cha kumi na tatu kilibandikwa kwa gundi nyeupe; hicho kingepokea laka kwa furaha, na heshima ya mwenyewe ingeishi dakika kumi zaidi. Cha kumi na nne kilikuwa cha mpira. Mtu yule aliyetumia siku kumi na moja kwa sanduku la barua alisimama mbele ya rafu, mkono mmoja ukiwa juu ya kila kibao, na nikahesabu moyoni hadi thelathini. Kisha akampa Nelson cha kumi na nne.

Nelson akapuliza. Tukanywa kahawa. Kikombe hakikufika nusu kabla kibao hakijaanza kuota malengelenge, moja, mawili, kisha uso mzima, kama mtu aliyeungua kwa maji ya moto. Nelson aliliminya moja kwa dole gumba. Akainama, akanusa.

"Shemeji."

"Naam."

"Hii ni gundi ya viatu."

"Ndiyo."

"Na makasha?"

"Na makasha."

"Kurasa tatu, Lambert! Nilizisoma chooni, nikasema kumbe shemeji yangu ni msomi. Kumbe ni fundi viatu! Nina buti moja imeachia soli, nikuletee lini?"

"Lete zote mbili," Lambert alisema kwa unyonge, "nizifanye zifanane."

Geneva alikuwa mlangoni, ameshika birika. Alikitazama kibao, akamtazama mumewe.

"Mimi nilijua tangu Februari," alisema. "Harufu ilipanda hadi kwenye kabati la mashuka. Nimekuwa nikingoja uniambie. Sasa makangaga niyalete, au kuna kipako kisichochokoza gundi hiyo?"

"Kipo: shelaki," alijibu Nelson. "Spiriti haiidhuru. Kwa kitambaa, mkono mwepesi mwepesi. Tukianza leo, wawili, tutawahi."

"Basi shelaki."

"Lakini shelaki ilipata kura mbili tu," alisema Lambert.

"Yangu ni ya tatu, na uchaguzi umefungwa."

Walipaka siku sita, shemeji wawili, kila mmoja na kasha lake. Kila Nelson alipomaliza mkono mmoja, alimwuliza mwenzake kama visigino vimekauka. Ijumaa tuliyapandisha makasha sebuleni, na lazima nikiri kwamba yalipendeza: mjozi ulikuwa na rangi ya asali iliyokolea, na michirizi yake ilionekana kama iko chini ya maji safi.

Jumapili, baada ya ibada, binamu wawili wa Iowa walikaa kwenye sofa, sahani magotini. Geneva aliwasomea sheria kabla hata hawajaonja keki.

"Shelaki haivumilii kitu cha moto. Kikombe huacha duara jeupe. Nikiliona duara moja tu, haya makasha yanarudi chini leo hii. Nimemwambia Lambert, nawaambia na ninyi."

Binamu walivishika vikombe vyao kama watu waliokabidhiwa mayai. Lambert akawasha muziki wa kinanda na kwaya. Sauti ilijaa chumba taratibu, nene na safi. Geneva alikuwa amesimama kando ya dirisha. Alifumba macho. Kichwa chake kilianza kutikisika kidogo kwa kuifuata kwaya, na mkono wake, ambao haukuwa na pa kukiweka kikombe cha kahawa ya moto, ukakitua juu ya kasha la kushoto.

Nelson alifungua kinywa. Lambert akamkanyaga mguu.

Ubeti wa pili ulipokwisha, Geneva alifumbua macho, akakiinua kikombe ili anywe, na chini yake palikuwa na duara jeupe, kamilifu, kama limechorwa kwa bikari. Hakuwa amelitazama bado. Mtu aliyekataa keekee kwa miaka thelathini na mmoja alilitazama kwa muda. Kisha akachukua birika mezani, akamwendea mkewe kwa adabu kubwa.

"Nikuongezee, mke wangu?"

"Kidogo tu."

Akamjazia hadi ukingoni, akasimama palepale akingoja mpaka Geneva alipokirudisha kikombe juu ya duara lile.