Pilipili ya Kuhifadhia Maharagwe

Kwetu, karibu na Kangeta, pilipili haikuwa chakula. Ilikuwa dawa ya wadudu. Mama aliianika, akaiponda na kuichanganya na majivu, kisha akaimwaga ndani ya gunia la maharagwe ili mbegu zisitobolewe. Miche yake ilijiotea yenyewe chini ya miti ya miraa, popote ndege walipoangusha mbegu, na hakuna aliyeitilia maji.

Nilijua kwamba watu huitia kwenye sufuria kwa hiari yao nilipoenda kuishi Majengo, mjini Meru, ambako nilipata kazi kwa mwenye bucha. Mwenye nyumba wangu alikuwa mama mzee aliyeuza viazi karai karibu na msikiti. Siku moja alinikuta mlangoni nikila githeri ya jana, mahindi na maharagwe ya kuchemshwa, baridi, moja kwa moja kutoka kwenye sufuria.

"Mwanangu," akasema, "hata ng'ombe hutafutiwa chumvi."

Akaninyang'anya sufuria. Alikaanga kitunguu mpaka kikageuka rangi, akatia saumu na tangawizi iliyopondwa, nyanya moja, pilipili mbili zilizopasuliwa, ndipo akamwaga ile githeri yangu juu yake. Mwishoni akakamulia ndimu. Nilikula nikitokwa na machozi na makamasi, na nikamaliza. Tangu siku hiyo nilikuwa nasimama karibu na jiko lake jioni nikitazama. Mimi si mtu wa kuuliza maswali. Yeye alizungumza na sufuria zake, nami nikasikiliza. Nilijifunza kwamba ugali uliolala hukatwa vipande na kukaangwa, kwamba ndizi mbichi hupenda tangawizi, kwamba chakula cha watu wasio na kitu kinahitaji tu kushtuliwa.

Halafu mama yangu, kule nyumbani, akaanguka. Alikuwa anateremka shambani na mzigo wa nepia, majani ya kulisha ng'ombe, mvua ilikuwa imenyesha, akateleza na kuvunjika mkono wa kulia. Baba alinipigia simu nije nikamue ng'ombe na kuchuma miraa. Mwenye bucha akaniruhusu, nikaja.

Nilipofika mama alikuwa amekaa kwenye kiti nje, mkono umefungwa plasta. Dada zangu wote wameolewa mbali, kwa hiyo baba alikuwa amemwita shangazi, dada yake, aje kupika. Shangazi alikuwa na imani moja kubwa: mgonjwa hapewi kitu chenye ladha. Ndizi alizichemsha na kuziponda bila chumvi. Maharagwe aliyachemsha bila chumvi. Uji aliukoroga bila sukari, mwepesi kama maji ya kuoshea vyombo, akampelekea mama na kusimama mbele yake kama askari.

"Kula, wifi."

"Nitakula."

"Utakula lini?"

"Kikipoa."

Kilipoa, kikaganda, kikamwagiwa kuku.

Hili halikuwa jambo la kucheka. Kule kliniki mama alikuwa amepewa dawa za maumivu na kuambiwa asizimeze tumbo likiwa tupu. Alizimeza hivyo hivyo, akatapika. Asipozimeza, hakulala kwa maumivu. Alipopelekwa kuangaliwa mkono, daktari alimpima uzito, akamwambia baba kwamba mama huyu akiendelea kukonda hivi na tumbo kuchomwa na dawa, itabidi alazwe. Baba alirudi nyumbani akamwambia shangazi aongeze kiasi cha chakula. Yaani kile ambacho mama hakukila kikiwa kidogo, sasa akaletewa kingi.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini mimi nilikuwa mwanamume wa ng'ombe na miraa. Huku kwetu kijana akishatahiriwa, jikoni kwa mama ndio mwisho. Hujengewa kijumba chake, chakula akakipokea mlangoni, na yale mawe matatu ya mama akayatazama kwa mbali kama mali ya jirani. Wengi siku hizi wameliacha jambo hili. Baba hajaliacha. Ningeweza kubeba mama mgongoni mpaka kliniki na watu wakanisifu, ila kumkorogea uji ingekuwa aibu ya ukoo.

Kijumbani mwangu, nyuma ya migomba, nilikuwa na stovu ya mafuta ya taa ya kuchemshia chai. Jioni moja nilichukua githeri yangu niliyopewa na shangazi, nikaikaanga kama nilivyofundishwa. Tangawizi sikuwa nayo, wala ndimu. Nilikuwa na kitunguu, nyanya moja iliyoanza kuharibika, na pilipili tano nilizochuma nikirudi kutoka shambani. Moshi wa pilipili ulitoka nje, nikasikia mama akikohoa, kisha akaita.

"Wewe! Ni nini hicho kinanuka?"

Nilidhani ananigombeza, nikafunika sufuria.

"Nimekuuliza ni nini! Lete hapa nione."

Nikampelekea bakuli langu. Akalibana magotini, akachukua kijiko kwa mkono wa kushoto, akaonja. Macho yalimtoka. Akapiga chafya mara tatu. Kisha akala yote, akapangusa bakuli kwa kidole, akaomba dawa zake na maji. Usiku ule hakutapika.

Baba alikuwa amesimama kando ya zizi akiona kila kitu.

"Hiyo pilipili ni ya kuwekea maharagwe," akasema.

"Basi mimi ni maharagwe," mama akamjibu. "Niache nisitobolewe."

Shangazi alifunga mizigo yake asubuhi iliyofuata. Alisema ana ng'ombe wake pia nyumbani, na kwamba hawezi kushindana na dawa ya wadudu.

Sasa mngefikiri mambo yalikuwa rahisi. Mama anakula, dawa zinakaa tumboni, kijana apike. Hapana. Baba alikubali nipike, lakini kwa masharti. Nipike kijumbani mwangu tu. Mtu asinione na sufuria. Chakula kivuke uani ndani ya ndoo ya kukamulia, yenye kifuniko, ili anayepita njiani adhani ni maziwa. Kwa hiyo mara mbili kwa siku nilibeba ndizi zilizokaangwa na pilipili ndani ya ndoo ya maziwa, kisha nikaisugua ndoo kwa maji moto na majivu kabla ya kukamua. Mara moja sikuisugua vizuri. Siku hiyo chai ilituwasha koo sote, na baba akanilaumu mimi badala ya masharti yake.

Tena hakuacha kunipa amri. Alisimama nje ya kijumba, mgongo umeelekea mlango ili aonekane hayupo, akasema na migomba.

"Kitunguu kinaungua."

"Hakiungui, baba."

"Nasikia harufu."

"Ndivyo kinavyotakiwa."

"Weka maji."

Mwanamume ambaye hajawahi kupika hata yai! Na bakuli la pili kila siku lilikuwa lake. Alilila amesimama nyuma ya zizi, akitokwa jasho usoni, akilalamika kwamba ni kali, halafu akauliza kama imebaki.

Mama alinenepa kidogo. Alianza kukaa wima. Ndipo wakaja akina mama wa kanisa kumwona mgonjwa, siku ya Alhamisi, bila kutuambia. Walikuwa sita, wakiongozwa na mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya kuongozea nyimbo. Mgeni kwetu haondoki bila kutia kitu kinywani, na kitu kilichokuwepo kilikuwa changu: viazi na majani ya malenge, saumu nyingi, pilipili. Mama akaagiza ndoo iletwe, baba akaipeleka ndani. Wakala. Nilikuwa nje nikikata nepia, na dirisha lilikuwa wazi.

"Huu mkono si wa hapa kijijini," mwenyekiti akasema. "Nani amepika?"

Mama alikuwa na chakula kinywani. Baba akawahi.

"Kuna msichana."

"Msichana gani? Dada yako si amerudi kwake?"

"Msichana tu."

"Wa nani, mzee?"

Nilisikia baba akikohoa. Nikajua anatafuta njia, na nikajua njia atakayoipata itapita juu yangu.

"Wa kijana," akasema.

Vigelegele vilivyopigwa mle ndani vilimfanya ng'ombe akate kamba. Mwenyekiti alitoka, akanikuta nimeshika panga na majani.

"Kumbe wewe! Hata salamu tunakuvuta mdomoni, na ndani umeficha mke! Kweli kimya kingi kina mshindo mkuu. Yuko wapi?"

Nilifungua mdomo. Sauti haikutoka. Huo ndio ugonjwa wangu tangu shule ya msingi, nikisimamishwa mbele ya watu maneno hunikimbia.

"Ana haya kama wewe?" akauliza. "Vizuri. Jumapili tunakuja kumwona rasmi. Mwambie asijifiche."

Walipoondoka niliamini kabisa kwamba baba atarekebisha. Alikaa akafikiri mpaka chai ikapoa, halafu akatangaza uamuzi wake. Msichana amerudi kwao Embu kumwona mamake. Na kwa kuwa amerudi, haiwezekani chakula chake kiendelee kunuka hapa kwetu. Kwa hiyo nisipike mpaka habari itulie. Shangazi arudi.

"Lakini hakuna msichana," nikasema. Ni maneno machache, lakini nilitumia nguvu nyingi kuyatoa.

"Ndiyo maana lazima aondoke," baba akasema.

Nieleze vipi uchovu wa kuishi na mtu kama huyo? Alimrudisha kwao mtu ambaye hakuwahi kuja, na aliyebaki na njaa ni mama.

Shangazi alirudi Ijumaa na ndizi zake za kuponda. Safari hii alikuwa na furaha ya mtu aliyeombwa msamaha. Mama aliangalia sahani akageuza uso. Ijumaa jioni alimeza dawa na maji matupu, akatapika. Jumamosi hakuzimeza. Nilimsikia usiku kucha, nikiwa kijumbani mwangu na pilipili zangu, akiugulia ule mkono. Asubuhi nilimwambia baba mama atalazwa. Akasema, "Ngoja hii Jumapili ipite." Kana kwamba tumbo la mtu linaangalia kalenda.

Jumapili akina mama walikuja baada ya ibada, sasa wakiwa kumi na wawili. Walileta unga, sukari, na leso mpya mbili zilizokunjwa vizuri, za mkwe. Baba aliwapokea kwa hadithi ya Embu. Wakasikitika. Wakaketi uani kumzunguka mama, na shangazi akamletea uji mbele yao wote.

"Amekonda tena," mwenyekiti akasema. "Alhamisi alikuwa na shavu. Kula, dada."

"Nitakula," mama akasema, na nikaujua ule mwisho wake. Kikipoa.

Nilikuwa nimesimama karibu na zizi pamoja na baba. Sikuamua kwa ushujaa. Nilikuwa nimechoka tu, nimechoka na ndoo, na migomba inayosemeshwa, na msichana wa Embu. Nikaingia kijumbani, nikawasha stovu. Kulikuwa na ugali wa jana na majani ya kunde. Nikakata ugali vipande, nikakaanga kitunguu, nikaponda saumu kwa chupa, nikatia pilipili sita, zikiwa nzima na mbegu zake. Moshi ukajaa. Huko nje nikasikia mtu wa kwanza akikohoa, kisha wa pili, kisha kikohozi kikaenea kama wimbo.

"Kijana!" baba akaita. "Kijana, ng'ombe!"

Ng'ombe hakuwa na shida yoyote.

Nikatoka na sufuria ikiwa wazi, bila ndoo, nimeishika kwa kitambaa. Kutoka kijumbani mpaka kwa mama ni hatua kama thelathini, na nilizitembea nikiangalia miguu yangu. Mafuta yalikuwa bado yakichemka. Nikaweka sufuria mbele ya mama, nikampa kijiko. Akala. Hakungoja ipoe. Akina mama wote wakamtazama akila, kijiko kwa kijiko, akifuta machozi kwa bega.

"Msichana huyu wa Embu," mwenyekiti akasema polepole, "ana ndevu."

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye nyasi. Baba alikuwa amejificha nyuma ya ng'ombe, akimchunguza kwato. Shangazi alichukua uji wake akaenda kuumwaga, na hakuna aliyemzuia.

"Mzee," mwenyekiti akapaza sauti, "leso hizi tuziache au turudi nazo?"

"Ziacheni," mama akajibu, mdomo umejaa. "Atafungia kiunoni akipika."

Nikatamani ardhi ipasuke. Lakini sufuria ilikuwa tupu, na nilipomletea maji akameza vidonge vyake viwili, akakaa akisikiliza tumbo. Tulisubiri sote. Akacheua. Vidonge vilikaa.

Kisha akanigeukia.

"Kitunguu umekikata kama nepia ya ng'ombe," akasema. "Na saumu umeiunguza. Na mafuta yote haya, unafikiri tuna kisima cha mafuta?"

Nilisimama mbele ya wanawake kumi na wawili nikiambiwa jinsi ya kukata kitunguu. Wawili waliniunga mkono, wengine walimuunga yeye, na mmoja akaniuliza kama pilipili hutangulia au hufuata nyanya. Mama alijibu kwa niaba yangu, na alijibu vibaya.

Kesho yake, jua halijatoka, nilimsikia ananiita kutoka mlangoni kwake. Alisema ameona njaa. Nilipotoka aliniambia niingie jikoni moja kwa moja, kuna moto tayari, na nisijaze mafuta kama jana.